Benchi Kila Baada ya Hatua Ishirini

Mgeni rasmi, mheshimiwa naibu waziri. Mkurugenzi wa hospitali. Madaktari, wauguzi na wafanyakazi wenzetu. Wagonjwa mliojikongoja mpaka hapa, na ninyi mnaotuchungulia kutoka madirisha ya wodi: tunawasalimu nyote.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana. Tunajua pia kwamba utepe unakungoja pale kwenye maegesho mapya ya magari, na mkasi uko tayari kwenye sinia. Tumepewa dakika kumi. Sisi ni watu wa bustani na wa mashuka, kipaza sauti hatujakizoea, kwa hiyo tukikosea utuwie radhi.

Tuanze na hapo ulipoketi. Meza yako imewekwa mahali palipokuwa benchi la tano. Hatusemi hivyo ili kukuharibia raha ya kiti, hasha. Tunasema kwa sababu haikubaki alama yoyote, na mtu asipoambiwa hawezi kujua.

Risala hii ilipaswa kusomwa na mwenzetu tunayemwita Dada Dobi, kwa kuwa anafua mashuka ya hospitali hii, mwaka wa ishirini sasa. Jana tulifanya naye mazoezi ya kusoma. Alipofika ukurasa wa pili aliturudishia karatasi. Akasema, "Jamani, nisomeeni nyie. Mimi nitakaa nisikilize." Basi anasoma karani wa mapokezi. Dada Dobi mwenyewe yuko safu ya tatu, yule mwenye daftari la jalada gumu mapajani. Daftari hilo ndilo lililotuleta mbele yako.

HISTORIA YA BUSTANI

Mheshimiwa, watu wakisikia neno urithi wanafikiria magofu na makaburi ya kale. Zege la miaka sitini nani atalihesabu kuwa urithi? Hata sisi tuliopita humu kila siku tuliiona bustani hii kama njia ya kwenda kantini.

Ilijengwa pamoja na hospitali. Aliyeichora ni mwanamke mmoja aliyekuja na mabunda ya ramani kwapani, na kwa kuwa jina lake lilikuwa gumu, wafanyakazi walimwita Bibi Mchoraji. Hakutaka maua ya kila rangi yaliyopangwa mviringo na mawe yaliyopakwa chokaa. Alitaka zege libaki zege, na mistari ya mbao lilimomwagwa ionekane. Kila kitalu aina moja ya jani, basi. Bwawa lilikuwa na kingo zilizonyooka kama za meza, na vitalu vilivyolizunguka vilipinda kama shuka lililotupwa kitandani. Madirisha ya wodi aliyashusha mpaka usawa wa godoro, ili mgonjwa aliyelala aone majani bila kuinua kichwa. Wenzake walimwambia anaharibu kuta. Akawajibu kwamba ukuta hauumwi.

Mabenchi je? Hapo ndipo alipowaacha watu midomo wazi. Alimwomba mgonjwa mmoja, aliyepasuliwa tumbo juma moja kabla, atembee kutoka bomba la maji pale juu. Yule mtu akatembea hatua ishirini, akashika kiuno. "Hapa," akasema Bibi Mchoraji. Wakampumzisha. Akatembea tena, ishirini na kidogo, akashika kiuno. "Na hapa." Ndivyo yalivyopatikana mabenchi kumi na moja kutoka bomba la juu mpaka uzio wa chini. Bustani nzima ilipimwa kwa uchovu wa mtu anayepona.

Aliyekuwa akifuata nyuma na nyundo, akipigilia vigingi, alikuwa kibarua wa kukoroga zege mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Tangu siku ile akabandikwa jina la Hatua, na mvi zilipoingia akawa Mzee Hatua. Alipewa kazi ya kuitunza bustani, akaitunza miaka arobaini. Siku ya kustaafu alikabidhi sare, mpira wa maji na funguo, tukamwimbia, tukampa saa ya ukutani. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa amechuchumaa kwenye kitalu cha tatu, kavaa shati lake la nyumbani. Msimamizi akamuuliza, "Mzee, si tumekuaga?" Akajibu, "Mmeniaga nyie. Magugu hayajaniaga."

Mzee Hatua ni baba yake Dada Dobi.

MAFANIKIO

Miaka miwili iliyopita ziliposikika habari kwamba bustani itakatwa, tuliunda kamati: watunza bustani wawili, fundi bomba, muuguzi mstaafu, karani, na Dada Dobi. Tulishauriwa kwamba mahali kama hapa hapalindwi kwa machozi, panalindwa kwa ramani na vipimo. Tukaenda stoo ya idara ya ujenzi kutafuta ramani za Bibi Mchoraji. Tulipolifungua kabati tulikuta mchwa wamekwisha kuzisoma zote, tena kwa makini kuliko sisi.

Ikabaki ramani moja tu, nayo ilikuwa kichwani mwa Mzee Hatua.

Basi kila siku saa tisa alasiri, zamu ya Dada Dobi ikiisha, baba alimngoja bombani. Yeye mbele, binti nyuma na daftari. Baba anahesabu kwa sauti, binti anaandika. Kutoka bomba mpaka benchi la kwanza, hatua ishirini. Kutoka benchi la kwanza mpaka mpindo wa kitalu cha majani mapana, hatua sita, geuka na bega la kushoto. Aliandika jani gani lilipandwa wapi, bamba lipi la zege hutitia mvua ikinyesha, kivuli cha mihimili ya zege juu ya njia kinafika wapi saa sita mchana. Miezi minane. Kurasa mia moja na kumi na mbili.

Fundi bomba aliwahi kuleta utepe wa kupimia. Mzee Hatua aliutazama kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye hakumwalika. "Huo wa nini?"

"Wa kupimia, mzee, tuwe na uhakika."

"Utepe haujui kuchoka," akasema. "Bustani hii ilipimwa kwa miguu, na mtaiandika kwa miguu."

Mheshimiwa, tulimpigia makofi. Utepe ukarudi mfukoni, haukutoka tena. Hatua yake tulikuwa tumeipima mara moja tu, siku ya kwanza: sentimita sabini. Tukaandika kwenye jalada la ndani, tukaona tumemaliza kazi ya kitaalamu.

Tulianzia juu, tukashuka. Nusu ya juu ilichukua miezi mitatu. Nusu ya chini ilichukua mitano, na kadiri miezi ilivyokwenda Dada Dobi alikuwa anarudi nyumbani kiza kinaingia. Huko chini, kati ya benchi la saba na la nane, baba alihesabu hatua thelathini na moja. Dada Dobi akashangaa.

"Baba, kumbe huku chini mabenchi yameachana."

Mzee akakaa kwanza. Alikuwa anakaa kila benchi siku hizo. "Andika unachokisikia, mama," akamwambia.

Akaandika. Tulipokutana Jumamosi tukalijadili suala hilo kwa kirefu, na muuguzi mstaafu akatoa maelezo yaliyotufurahisha sana: kwamba mgonjwa akifika huku chini amekwisha kupata nguvu, ndiyo maana Bibi Mchoraji akayatenganisha mabenchi zaidi. Tukasema, wee, yule mama alikuwa na akili! Tukaliandika kwenye ripoti kama ushahidi wa ubunifu wake. Liko ukurasa wa nne, na mpaka leo tukiliona tunafunika uso.

CHANGAMOTO

Daftari lilipokwisha, mkurugenzi alituita ofisini. Hakutufokea. Alitupa viti, akatueleza kwamba magari ya wagonjwa hayana pa kugeuzia, madaktari wanaegesha barabarani, na nusu ya chini ya bustani lazima ichimbwe. Akaahidi kwamba itajengwa upya nyuma ya jengo jipya, vilevile ilivyo. "Vipimo si mnavyo?" akauliza.

Sote tukamgeukia Dada Dobi. Alikuwa amelikumbatia daftari kifuani. "Tunavyo," akasema. "Tumeandika mpaka kokoto."

Tukacheka. Tukatia sahihi mmoja baada ya mwingine, na kalamu tuliyopokezana ilikuwa yake. Hatumlaumu mkurugenzi, sahihi ni zetu. Tulidhani kitu kikishaandikwa kimeshapona.

Wakati huo Mzee Hatua alikuwa amelazwa. Moyo ulikuwa umechoka na miguu imevimba. Alipewa kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, dirisha mojawapo la yale yaliyoshushwa. Asubuhi tingatinga lilipoingia, Dada Dobi alikuwa anambadilishia shuka.

"Kelele za nini?"

"Wanasafisha bwawa, baba."

"Kwa tingatinga?"

"Tope limekuwa jingi."

Akageuza macho dirishani, lakini wakati huo macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. "Basi shuka umwambie dereva aangalie ukingo wa upande wa jua kuzama. Zege lake jembamba pale. Tuliishiwa saruji siku ile."

Dada Dobi akashuka. Ngazi zote zile, shuka chafu mkononi, akamwendea dereva. Mpaka leo hajui kwa nini alikwenda. Akamwambia, "Kaka, baba anasema uangalie ukingo wa upande ule, zege lake jembamba." Dereva akazima mashine, akatazama huku na huku, akasema kwa upole, "Dada, ukingo gani?" Ulikuwa umeshapakiwa kwenye lori.

Akarudi juu. Baba akauliza, "Umemwambia?" Akajibu, "Nimemwambia, ataangalia." Mzee akasema vizuri, akageukia ukutani akalala. Siku nne baadaye alifariki, Mungu amrehemu. Dada Dobi alimfulia baba yake shuka la mwisho kwa mkono, hakuliweka mashineni.

Mwezi ule ule fundi mmoja wa kuchora ramani alijitolea kuligeuza daftari kuwa mchoro. Tulikaa nyuma yake ofisini, tumemzunguka kama watu wanaosubiri chungu kiive. Kila hatua akaihesabu sentimita sabini kama tulivyoandika. Nusu ya juu ikatoka safi, akaenda akailinganisha na bustani yenyewe, haikupishana hata kiganja. Tukapiga makofi. Akashuka chini, na mambo yakaharibika. Bwawa likavuka uzio likaingia barabarani. Benchi la kumi likakaa ndani ya duka la dawa, ng'ambo. Akafuta, akachora upya. Mara ya tatu akaweka kalamu mezani.

"Dada," akasema, "aliyepima huku chini ni mtu mwingine?"

"Ni baba," akasema Dada Dobi. "Ni baba huyohuyo." Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, tukajua ameelewa kabla yetu.

Mabenchi hayakuwa yameachana, Mheshimiwa. Hatua za mzee ndizo zilizofupika. Wiki kwa wiki zilipungua, na binti yake alikuwa mita mbili nyuma yake, ameinamia daftari, anaziandika moja moja bila kuziona. Mtu unayekaa naye nyumba moja humwoni akipungua. Sisi wengine tulikuwa tunampigia makofi. Na mzee je? Dada Dobi anaamini alijua. Anasema ndiyo maana alimwambia aandike anachokisikia. Hakutaka kudanganya, na kusema hakuweza.

Hivyo nusu ya bustani iliyobaki ndiyo tuliyoipima vizuri. Nusu tuliyoipima kwa miguu inayokufa ndiyo tuliyotia sahihi ichimbwe. Tulijikaanga kwa mafuta yetu wenyewe, na hatuna wa kumnyooshea kidole.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi maegesho yavunjwe. Lami imeshakauka na magari ya wagonjwa yanageuka vizuri, tumeyaona.

Tunaomba kwanza nusu ya juu. Ukiinua macho utaona vigingi vyekundu kuanzia benchi la kwanza mpaka la nne. Hiyo ndiyo awamu ya pili ya maegesho. Tumeambiwa tusiwe na wasiwasi kwa sababu mchoro wa sehemu hiyo upo na ni sahihi. Maneno hayo tuliwahi kuyasikia. Tunaomba vigingi ving'olewe, sehemu hiyo iwekwe chini ya ulinzi wa sheria, na zege lake lisipakwe rangi hata mgeni akija. Leo asubuhi kulikuwa na watu na ndoo za rangi nyeupe kwa heshima yako. Muuguzi mstaafu alikalia benchi la pili mpaka wakaondoka, kwa hiyo ukiona benchi moja chafu, usifikiri tumekudharau.

Ombi la pili ni dogo kwa umbo. Miezi ile minane, kila Alhamisi, Mzee Hatua alikuwa anahudhuria chumba cha mazoezi ya viungo hapahapa hospitalini. Mtaalamu wa pale alikuwa akimtembeza ukumbini na kumpima hatua kwa utepe, na kila Alhamisi aliandika urefu wake kwenye faili. Dada Dobi anakumbuka namba moja tu, ya Alhamisi ya mwisho, kwa sababu aliisikia mlangoni: sentimita thelathini na tatu. Wiki hiyo daftari linasema kutoka benchi la kumi hadi la kumi na moja ni hatua arobaini na mbili. Tulizidisha kwenye karatasi ya kufungia mkate. Ikaja mita kumi na nne kasoro kidogo. Huko juu, bomba mpaka benchi la kwanza, hatua ishirini za sentimita sabini, ni mita kumi na nne.

Fundi wa ramani aliichukua ile karatasi akazidisha upya, ikaja ileile. Ina maana daftari halikukosea. Tukipata zile Alhamisi zote, kila ukurasa utapata urefu wake, na bwawa litarudi ndani ya uzio. Nusu iliyochimbwa itakuwa na mchoro wa kweli. Ile ahadi ya kuijenga upya nyuma ya jengo jipya itakuwa na pa kuanzia, kama bado ipo.

Lakini faili la marehemu halitoki bila barua ya wizara. Tumeandika mara tatu, tukajibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Sasa kwenye mlango wa chumba cha kumbukumbu pamebandikwa tangazo: mafaili ya waliofariki yatateketezwa mwisho wa mwezi kupisha makabati mapya. Leo ni tarehe ishirini na sita. Chumba hicho kiko nyuma yako, mlango wa kijani, si mbali.

Dada Dobi ana lake pia, ametuomba tuliseme hivi hivi. Anasema ramani anaitaka, ndiyo, lakini faili angelitaka hata kama bustani isingekuwepo. Anataka kuona ni Alhamisi gani baba yake alianza kupungua, halafu afungue daftari aone siku hiyo yeye aliandika nini.

Barua tumeshaichapa, inasubiri sahihi moja tu. Ataileta yeye mezani kwako tukimaliza kusoma. Ataileta na kalamu, na ni ile ile tuliyopokezana ofisini. Tulijadiliana kama tununue nyingine, yeye akakataa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza. Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Akujalie hatua ndefu miaka mingi. Na siku zitakapofupika, kwa maana zitafupika, akujalie mtu wa kutembea nyuma yako anayeinua macho kutoka kwenye daftari, na benchi mbele yako, lisiwe mbali.

Ni sisi,
Kamati ya Daftari la Bustani,
watunza bustani, fundi bomba, muuguzi, karani na dobi wa hospitali hii.